Shafti ya mashine ya kusaga inakatika palepale: nini hasa kinatokea

Mashine ya kusaga ikizimika katikati ya msimu wa mahindi, mtaa mzima unajua. Madebe yanahamia kwa jirani, na mwenye mashine anafungua kava, anatoa shafti iliyokatika vipande viwili na kuipeleka kwa fundi wa lethi, yaani mashine ya kukereza chuma, awe Mwanjelwa au Uyole, Makambako au Mafinga. Jioni anarudi na shafti mpya inayong'aa. Majuma machache yakipita imekatika tena, na imekatika palepale: kwenye bega, pale unene unapopungua ili beringi ipate kukaa. Hapo lawama zinaanza. Mwenye mashine anasema fundi hajui kazi. Fundi anasema vyuma vya siku hizi havina kitu. Kila mmoja ana chembe ya ukweli, lakini kiini bado hakijaguswa.

Nyanda za juu kusini zina watu wengi wenye lethi ndogo uani au kwenye banda la gari. Kuna walimu wa ufundi, wastaafu wa reli na wa viwanda vya chai, vijana waliotoka vyuo vya ufundi vya VETA au Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, na wengine wanaopenda tu kuona chuma kinavyomenyeka mbele ya kisu. Wote wanakutana na shafti hii mapema au baadaye. Msimamo wangu ni kwamba mikono ya fundi ndiyo ya mwisho kulaumiwa. Kabla ya mikono kuna chuma chenyewe, kuna kipimo, na kuna namna mashine ilivyosimama sakafuni. Mambo hayo ndiyo yanayotenganisha karakana ya uani na kiwanda, na mengi yanarekebishika bila kununua mashine mpya.

Usome kwanza uso wa mvunjiko

Usitupe vipande. Vifute grisi, vipeleke kwenye mwanga wa jua, uangalie pale palipokatika. Shafti iliyovunjwa na jiwe lililoingia ghafla huwa na uso wa aina moja, chengachenga kote, na mara nyingi chuma kimejikunja kabla ya kuachia. Hii ya kwetu ina sura mbili. Sehemu moja ni laini, karibu kung'aa, na ukiinamisha kipande utaona mistari iliyopinda, mmoja nyuma ya mwingine, kama ile ambayo maji ya ziwa huacha kwenye mchanga wa Matema yanaporudi nyuma. Sehemu ya pili, kwa kawaida ndogo, ni ya chenga za kijivu. Penye ulaini ndipo ufa ulipotembea polepole kwa siku nyingi mashine ikiendelea kusaga. Penye chenga ndipo palipoachia sekunde ya mwisho, chuma kilichobaki kilipokuwa kidogo mno kubeba mzigo.

Huu ndio uchovu wa chuma. Mkanda unavuta puli upande mmoja muda wote, na shafti inapinda kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Kwa kuwa inazunguka, ngozi yake iliyokuwa inavutwa sasa hivi itakuwa inabanwa nusu mzunguko baadaye. Mashine ya nyundo, ile inayosaga kwa vyuma vinavyozunguka na shafti, ikienda mizunguko 3,000 kwa dakika inapindisha shafti yake mara 180,000 kwa saa. Kwa siku ya saa nane za kazi ni mara 1,440,000. Mzigo ambao chuma kingeubeba mara moja bila shida yoyote kinaweza kushindwa kuubeba mara milioni kumi. Mjerumani August Wöhler alilifanyia kazi jambo hili katikati ya karne ya 19, kwa sababu ekseli za mabehewa ya reli zilikuwa zinakatika bila kuzidishiwa mzigo. Alichoonyesha ndicho tunachokitegemea hadi leo: chini ya kiwango fulani cha mkazo, chuma cha pua huzunguka karibu bila kikomo, juu ya kiwango hicho, siku zake zinahesabika.

Sasa lirudie bega. Fundi aliyenoa kisu chake kikawa na ncha kali ya pembe mraba anaacha kona kali kabisa pale shafti inapobadilika unene. Mkazo uliokuwa umetawanyika vizuri kwenye shafti nene unabanana kwenye kona hiyo, na unaweza kufika mara mbili au tatu ya ule wa sehemu iliyonyooka. Ufa unaanzia hapo. Shafti ya pili ikikerezwa kwa kisu kilekile, nayo itaanza hapohapo, hata kama chuma chake ni kizuri zaidi.

Dawa haina gharama: noa ncha ya kisu iwe ya mviringo. Lakini kuna mpaka. Chukua beringi ya 6308, ambayo tundu lake ni milimita 40. Kona ya tundu hilo imeviringwa kwa nusu kipenyo cha milimita 1.5. Mviringo wa bega lako ukizidi huo, beringi itapanda juu ya kona badala ya kuegemea bega, nayo itakaa upande. Milimita 1 inatosha na inaacha nafasi. Kisha piga msasa laini kwenye kona mpaka mikwaruzo ya kisu ipotee, kwa sababu kila mkwaruzo unaozunguka shafti ni mwaliko kwa ufa mwingine. Na mfereji wa kii, kile kipande cha chuma kinachoishika puli isizunguke peke yake juu ya shafti, usiuache ukaishia kwenye bega. Ukifanya hivyo umeweka mahali pawili pa udhaifu pakawa pamoja.

Kujaza kwa kuchomelea

Njia iliyozoeleka zaidi huku kwetu ni kutokereza shafti mpya kabisa. Shafti iliyolika inajazwa kwa kuchomelea, halafu inakerezwa kurudi kwenye kipimo. Inaokoa chuma na inaokoa fedha, na mara nyingine inafanya kazi vizuri. Mara nyingine shafti inakatika siku chache baadaye, milimita moja au mbili pembeni mwa weldi. Tofauti iko kwenye kaboni.

Chuma laini cha kawaida kina kaboni ya karibu asilimia 0.2 au chini yake. Shafti nzuri kwa kawaida hutengenezwa kwa chuma chenye karibu asilimia 0.4, kile ambacho wauzaji hukiita EN8 au C45. Springi za magari zinafika karibu asilimia 0.6. Unapochomelea, ukanda mwembamba wa chuma kando ya weldi unakuwa mwekundu sana, halafu shafti nzima, ambayo ni baridi na nene, inaufyonza joto hilo ndani ya sekunde chache. Chuma chenye kaboni ya kutosha kikipoozwa ghafla namna hiyo hugeuka kuwa kigumu mno, kikakosa uwezo wa kujinyoosha. Ndivyo patasi inavyopewa ugumu ikizamishwa majini, ila patasi hupashwa tena baadaye ili ilegee kidogo. Ukanda ulio kando ya weldi hakuna aliyeupasha tena. Unabaki mgumu kama kioo, na umeizunguka shafti inayopindishwa zaidi ya mara milioni moja kwa siku.

Ukilazimika kujaza, pasha shafti kwanza hadi karibu nyuzi 200 za Selsiasi, uchomelee ikiwa bado ya moto, halafu uifukie kwenye majivu makavu ipoe taratibu mpaka kesho yake. Asubuhi za Juni na Julai hapa Mbeya au Njombe, shafti iliyolala karakanani ni baridi kuliko unavyodhani, na fundi anayeanza kuchomelea bila kuipasha anajitengenezea ufa kwa mkono wake. Binafsi, shafti ya mashine ya nyundo sipendi ijazwe kwenye bega hata kidogo. Katikati, mbali na beringi, sawa.

Chuma kisicho na jina

Tatizo kubwa zaidi liko kabla ya moto na kisu. Chuma kingi kinachokerezwa kwenye karakana zetu kinatoka kwenye chakavu, na chakavu hakina cheti. Ekseli ya lori inaonekana ni chuma bora, na ni bora kweli, lakini ekseli nyingi zimepewa ugumu kwenye ngozi tu ilhali ndani ni laini zaidi. Ukiikereza kutoka milimita 50 hadi 40 umeondoa sehemu iliyokuwa inabeba kazi, ukabaki na moyo. Kisu kitakwambia: mwanzo kinalia na kuungua, kisha ghafla kinaingia kama kwenye siagi.

Nondo ni jambo lingine. Wapo wanaoikereza kwa sababu ipo kila duka la vifaa vya ujenzi. Nondo nyingi za siku hizi hupozwa kwa maji zikiwa bado nyekundu pale zinapotoka kwenye rola, ili ngozi iwe ngumu na ndani ibaki laini. Hiyo inafaa kabisa ndani ya zege. Kwenye shafti utakutana na chuma kinachobadilika tabia kadiri kisu kinavyozama, na mara nyingine na madoa magumu yanayomega ncha ya kisu, kwa kuwa iliyeyushwa kutoka kwenye chakavu cha kila aina.

Asiye na maabara ana tupa na ana grinda. Tupa nzuri ikiteleza bila kung'ata, ngozi hiyo ni ngumu. Kwenye grinda tazama cheche: chuma laini kinatoa mistari mirefu iliyonyooka yenye matawi machache, na kadiri kaboni inavyoongezeka cheche zinafupika na kupasuka matawi mengi kama kichaka. Tengeneza vipande vya kulinganishia, kimoja cha chuma laini, kimoja cha springi, kimoja cha C45 uliyoinunua ukijua ni C45, uvitundike karibu na grinda. Cheche za kipande usichokijua utazilinganisha na hizo papo hapo. Haitakupa asilimia, ila itakuzuia kuchomelea springi ukidhani ni chuma laini.

Mikroni kumi na sita

Tuje kwenye beringi, maana nusu ya shafti zinazorudi karakanani hazijakatika, zimelika. Pete ya ndani ya beringi imezunguka juu ya shafti, imeisaga, na sasa beringi inacheza.

Shafti ya milimita 40 inayopaswa kuibana beringi kwa kiasi hupewa kipimo kinachoandikwa k6 kwenye michoro. Maana yake ni kwamba shafti iwe nene kuliko milimita 40 kwa mikroni 2 hadi 18. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Nafasi yote ya fundi kukosea ni mikroni 16, kuanzia 40.002 hadi 40.018. Chini ya hapo beringi italegea. Juu ya hapo pete ya ndani inatanuka, gololi zinabanwa, na beringi inaungua.

Vania kalipa ya kawaida inasoma hatua za milimita 0.02 au 0.05. Hatua moja ya vania inaweza kumeza nafasi yote uliyopewa. Kwa hiyo fundi anayekereza kiti cha beringi kwa vania anabahatisha, hata awe na uzoefu wa miaka mingapi. Maikromita ya milimita 25 hadi 50 ndiyo chombo cha kwanza ninachomshauri mtu anunue, kabla ya vichwa vya ziada na mapambo mengine ya lethi. Na maikromita nayo ikaguliwe. Chukua beringi mpya ya 6204 kutoka kwa muuzaji unayemwamini: kipenyo chake cha nje ni milimita 47, na kiwango cha kawaida cha watengenezaji hakiruhusu kipungue zaidi ya mikroni 11. Maikromita yako ikikusomea 46.95, tatizo liko mkononi mwako.

Halafu kuna joto, ambalo linawaangusha hata wenye maikromita nzuri. Vipimo vyote vya michoro vinahesabiwa kwenye nyuzi 20. Chuma cha pua kinatanuka karibu mikroni 11.5 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Shafti ya milimita 40 iliyotoka kukerezwa ikiwa na nyuzi 60 imetanuka kwa 40 × 40 × 0.0000115, yaani milimita 0.018. Nafasi yote ya k6 imeliwa na joto peke yake. Fundi anapima 40.015, anafurahi, anafungua taya zinazoishika shafti kwenye lethi. Shafti ikipoa inakuwa 39.997, na beringi inaingia kwa kidole. Mteja akirudi na malalamiko, fundi anaapa kwamba alipima, na kweli alipima. Iache ipoe. Imwagie maji ya kukatia, kunywa chai, kisha ndipo upime na kupitisha kisu cha mwisho.

Wengi wakikuta beringi inacheza hupiga shafti kwa panchi mpaka iote vinundu, au huzungushia kipande cha bati la kopo la soda. Beringi inabana siku hiyo. Lakini sasa imeshikwa na vinundu ishirini badala ya duara zima, vinundu vinasagika, na baada ya muda mfupi inacheza zaidi ya mwanzo. Ni afadhali kumwambia mteja ukweli kwamba shafti hiyo imekwisha.

Lethi inayokereza pembe

Umepata chuma, umepata kipimo, lakini shafti inatoka nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine. Hapa wenye lethi za nyumbani hupoteza siku nyingi, kwa sababu dalili moja ina vyanzo vitatu tofauti.

Cha kwanza ni kazi yenyewe kupinda. Fimbo ya milimita 20 iliyochomoza milimita 150 nje ya taya, bila kushikiliwa mwisho wake, ikisukumwa na kisu kwa nguvu ya uzito wa kilo 20 hivi, inakwepa karibu milimita 0.14. Upande wa mbali unatoka mnene, na kosa kwenye kipenyo ni mara mbili ya hapo. Ukichukua fimbo ya milimita 40 katika urefu uleule, kupinda kunashuka mara 16. Ukiongeza urefu mara mbili, kunapanda mara 8. Ndiyo maana kuchomoza kazi sentimita chache zaidi kunaharibu kila kitu ghafla.

Cha pili ni kichwa cha nyuma, kile kinachoshikilia mwisho wa kazi ulio mbali na taya, kilichosogea pembeni. Ukikereza kati ya senta mbili, yaani ncha zinazoshika kazi huku na huku, na shafti ikatoka na pembe, kirekebishe kwa skrubu zake za pembeni, kidogokidogo.

Cha tatu ndicho kinachosahaulika: kitanda cha lethi kimejipinda. Kitanda cha chuma cha kumimina kinaonekana hakiwezi kupinda, lakini kikifungwa kwa boliti kwenye meza isiyo sawa au kwenye sakafu nyembamba ya saruji iliyoshuka upande mmoja wakati wa mvua, kinajisokota. Kipimo chake hakihitaji chombo cha ghali. Shika fimbo nene, milimita 40 au zaidi, ichomoze milimita 150, bila kichwa cha nyuma. Punguza katikati ubakize kola mbili, moja karibu na taya na nyingine mwishoni. Kwa kisu kikali na mkato mwembamba sana, kereza kola zote mbili bila kugusa mpini wa kuingizia kisu, halafu pima. Kola ya mbali ikiwa nene zaidi, inua kidogo mguu wa mbele wa lethi upande wa kichwa cha nyuma, yaani ule ulio upande wako unaposimama kazini. Ikiwa nyembamba zaidi, inua wa nyuma. Vipande vya bati jembamba chini ya mguu vinatosha. Rudia mpaka kola zilingane ndani ya mikroni chache. Fanya hivi mwanzo wa masika na mwisho wake.

Kuhusu lethi kutetemeka na kuacha mawimbi kwenye kazi, neno moja tu. Wageni wakisikia ule mlio hupunguza mwendo wa kisu kuingia, na mlio unaongezeka. Kisu kinafuata mawimbi kiliyoyaacha mzunguko uliopita, na mkato mwembamba sana unakiacha kiteleze juu yake. Punguza mizunguko, ongeza kidogo mwendo wa kisu, fupisha kisu kwenye kishikizo, na kaza vibao vya slaidi. Kwa wale wa Mufindi na Rungwe, ambako ukungu hauishi, kifunike kitanda kwa kitambaa chenye oili na si kwa nailoni. Nailoni inafungia unyevunyevu, na chuma baridi kinaota kutu chini yake usiku mmoja.

Umeme, na boliti za nchi tatu

Lethi nyingi zilizotumika zinazoingia nchini zina mota ya umeme wa njia tatu, na nyumba nyingi zina njia moja. Kapasita inaweza kuizungusha mota hiyo, ila itatoa takriban theluthi mbili tu ya nguvu yake. Invata ni bora: inapokea volti 230 za njia moja na kutoa njia tatu, na inakupa nafasi ya kubadilisha mwendo. Lakini soma kibao cha mota kabla ya kulipa. Kikiandikwa 230/400, iunganishe kwa delta, yaani nyaya zake kwa mpango wa pembetatu, na itapata volti zake 230. Kikiandikwa 400/690, invata ya kawaida ya njia moja haitaifikisha, na mota itakuwa dhaifu siku zote. Jambo jingine la huku juu: viwango vya mota hukadiriwa hadi mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na Mbeya iko karibu mita 1,700, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15. Feni ya mota inapuliza hewa pungufu. Baridi yetu inasaidia, lakini usiifanyishe mota kazi ya kupita kibao chake kwa saa nzima.

Hesi, ile mifereji inayozunguka boliti, zinastahili makala yake, kwa hiyo nitaligusia moja linaloumiza. Kwenye viwanda vya chai vya zamani na mashine kuukuu za kukoboa kahawa kule Mbozi kuna boliti za Whitworth, kiwango ambacho Joseph Whitworth alikipendekeza Uingereza mwaka 1841, chenye pembe ya nyuzi 55. Boliti za milimita na zile za Marekani zina nyuzi 60. Boliti ya nusu inchi ya Whitworth ina hesi 12 kwa inchi. Ya Marekani ina 13. Nati ya moja inaingia kwenye nyingine mizunguko miwili mitatu, inagoma, fundi anaongeza bomba kwenye spana, na vyote viwili vinakufa. Na kwa mwenye lethi ya milimita anayetaka kukata hesi za inchi: inchi ni milimita 25.4 kamili tangu makubaliano ya 1959, na 25.4 mara 5 ni 127. Ndiyo maana gia ya meno 127 inatafutwa sana. Bila hiyo unakaribia tu.

Kwa nini kiwanda kinaweza

Kiwanda hakina mafundi wenye mikono mitakatifu. Kina chuma chenye cheti, kina geji zinazokaguliwa, na kina mchoro ambao kila mtu anaufuata. Kwa hiyo kinaweza kutoa shafti 500 ambazo hazijawahi kuonana na beringi zake, na zote zikaingia. Sisi tunakereza shafti moja kwa beringi moja iliyoletwa na mteja mfukoni, na hilo ni sawa, ila haliwezi kukua likawa uzalishaji.

Nchi imejaribu kujenga msingi huu. SIDO, shirika la viwanda vidogo, ilianzishwa 1973. TEMDO ya Arusha ilipewa kazi ya kubuni mitambo. Kilimanjaro Machine Tools kilijengwa Hai kwa msaada wa Bulgaria ili tutengeneze wenyewe mashine za karakana. Hapa Mbeya kilikuwepo kiwanda cha Zana za Kilimo, kikitoa majembe. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilikuja na karakana kubwa Dar es Salaam na Mpika, Zambia. Mafundi wengi wazuri wa mikoa hii walikulia kwenye taasisi za namna hiyo, na viwanda vya chai bado vinahitaji ujuzi huo kila msimu, kwa kuwa rola zao zenye meno lazima zikerezwe na kuchongwa upya zikilika.

Kilichobaki nyuma ni chuma. Tanuri zetu huyeyusha hasa chakavu na kutoa hasa nondo na vyuma vya ujenzi. Fimbo za chuma cha mitambo zinatoka nje. Kule Ludewa, Liganga ina madini mengi ya chuma, na makaa ya mawe ya Mchuchuma yako jirani. NDC, Shirika la Maendeleo la Taifa, ilitia saini makubaliano na kampuni ya Sichuan Hongda ya China mwaka 2011. Lakini chuma cha Liganga kimechanganyika na titani na vanadi. Titani inalifanya takataka la tanuri kuwa zito lisitiririke vizuri, hivyo tanuri la kawaida halikifai kirahisi. Na hata siku chuma hicho kitakapoyeyushwa, fundi wa Uyole hatakuwa amepata kitu kama kitaishia kuwa nondo. Anachohitaji ni fimbo ya mviringo ya C45 yenye alama ya rangi mwishoni, inayouzwa kwa mita.

Wakati tunasubiri, wenye lethi wa mikoa hii wanaweza kuagiza fimbo hiyo kwa pamoja kutoka Dar es Salaam, wakagawana gharama ya lori. Vituo vya SIDO vya Mbeya na Iringa vinaweza kuwa mahali pa kutunzia geji mbili tatu za kukagulia maikromita. Na mchoro wa shafti ya mashine ya kusaga ya kawaida uandikwe mara moja: C45, kiti cha beringi 40 k6, kona ya bega milimita 1, mfereji wa kii uishie mbali na bega, shafti isichomelewe, ipimwe ikiwa imepoa. Mchoro huo unaenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari, na fundi wa Ipogolo na yule wa Tunduma wakiufuata, shafti ya mmoja itaingia kwenye beringi aliyoifunga mwenzake.